"Mpe Hewa!"

Neno moja nusura limuue mtoto wa kaka yangu.

Neno lenyewe ni "hewa".

Mimi ni mkunga, huu mwaka wa kumi na moja. Wodini kwetu ukisema "hewa", kila mtu anaelewa oksijeni ya mtungi. Hii tunayovuta bure haikuwa na jina.

Saa nne asubuhi wifi yangu alijifungua. Mimba ilikuwa imetimia, uchungu haukusumbua.

Mtoto hakulia.

Nikamkausha, nikamsugua mgongo. Analegea tu. Midomo ya bluu.

"Wifi, mbona kimya?"

"Tulia, wifi."

Daktari mgeni, wiki yake ya kwanza kwetu, akamsikiliza kifua. "Mapigo hamsini. Hapumui. Mpe hewa!"

"Mtungi!" nikapaza sauti.

Muuguzi tunayemwita Kifaru, maana milango huifungua kwa bega, akatoka mbio. Mtungi ulikuwa chumba cha pili, gurudumu moja limekwama. Tukausikia ukikwaruza sakafu.

Nami nimesimama. Barakoa mkononi, mfuko wa kupulizia tayari.

"Unangoja nini?" daktari akauliza.

"Hewa, daktari."

"Kwani wewe unavuta nini hapo? Kamua!"

Kifaru akaingia anahema, akachomeka mpira wa mtungi kwenye mfuko. Ndipo nikakamua.

Moja. Mbili. Kifua kikanyanyuka. Mapigo yakapanda, themanini, mia na kumi. Midomo ikaanza kupata rangi.

Akalia.

Wifi naye akaangua kilio.

"Umeona oksijeni, daktari?" nikasema, kichwa juu.

Akaugeuza mtungi, nione geji, kipimo cha oksijeni iliyobaki.

Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Mtupu," akasema. "Kavuta hewa ya chumba hiki. Aliyetimiza miezi huanza na hiyo. Oksijeni baadaye, mapigo yakigoma kupanda."

Kifaru akanong'ona, "Dada, yule wa wiki tatu zilizopita..."

"Nyamaza."

Lakini nilikuwa nimeshamkumbuka. Wa kike, kilo tatu na robo. Tuliusubiri mtungi dakika nne, mfuko huuhuu mkononi mwangu.

Mtungi ulifika umejaa. Yeye hakuwepo tena.

Wifi anawaambia watu mkono wangu una baraka. Mimi naitikia tu.

Mkunga mwenzangu unayesoma hapa: mtoto asiyepumua anahitaji kwanza mapafu yake yafunguke. Mfuko ukiwa mkononi, usimngojee mtu. Kamua.

Na mkubwa akitamka neno, muulize ana maana gani. Mimi sikuwahi kuuliza, miaka kumi na moja.