Dirisha la Nyumba ya Langoni

Nyumba ya langoni tunayolinda hapa Dubai ilijengwa kuiga zile za Kiingereza za enzi za Kivictoria: paa lenye mwinuko mkali, mbao zilizochongwa kama lesi kwenye ukingo wake, dohani mbili. Nilizisoma chuoni, Kenya. Zilijengwa kwenye lango la shamba la tajiri, ndogo lakini za fahari, ili mgeni aujue ukubwa wa mwenyewe kabla hajamwona. Mlinda lango aliishi humo na familia yake, na dirisha lilitokezwa nje ya ukuta ili, akiwa ameketi mezani, aone barabara pande zote mbili.

Yetu ni ya uongo. Ukigonga dohani, inalia kama boksi tupu. Mawe ni lipu iliyochorwa mistari. Lakini kosa lililonikera zaidi ni dirisha: walilitokeza upande wa bustani. Aliye ndani haoni gari hata moja, kwa hiyo tunasimama nje juani, mimi na digrii yangu ya usanifu majengo.

Madam anayesimamia mtaa alituambia kwamba Jumatano mhandisi angekuja kukagua jengo kabla ya ukarabati, na kwamba ofisi yake inatafuta mchora ramani. Alisema akipita tu, kioo cha gari kikipanda. Niliyageuza maneno hayo kichwani siku nne. Alinilenga mimi? Alijua nimesomea? Mwishowe nilinunua karatasi kubwa mtaani Satwa, nikapima jengo zima, nikachora dirisha likihamia upande wa barabara.

Mwenzangu wa kazi, mtu wa makamo kutoka kaunti jirani na yetu, ndiye aliyenifundisha ulinzi. Kanisani tunakaa benchi moja. Alinishikia ncha ya utepe wa kupimia.

"Injinia wa geti," alinitania, "ukimaliza dirisha, pima na jua, ulihamishe."

"Nalo litahama, mkubwa."

Jumatano ilikuwa zamu yake na siku yangu ya mapumziko, na asiye zamuni haruhusiwi langoni. Nilimkabidhi mchoro ampe mhandisi. Akauandika kwenye daftari la zamu, kama tunavyoandika funguo na redio, akatia sahihi. Nikashinda kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, Dubai Investments Park, simu mkononi. Kitu chenye sahihi hakipotei, nilijiambia, kisha nikaanza kuhofia kama nilikuwa nimeandika namba yangu ya simu vizuri kwenye mchoro.

Alhamisi niliukuta mchoro kabatini pale langoni, ungali umefungwa kwa uzi wangu.

"Hakuja?"

"Alikuja. Akaangalia rangi, akaenda."

"Na mchoro?"

Akanivuta ndani, hadi kwenye kona iliyo kando ya dirisha la bustani. Palikuwa na kiti cha plastiki, birika la chai, na soksi zake zimeanikwa. Kuketi zamuni ni marufuku. Kona ile tu ndiyo ambayo msimamizi wa walinzi haioni akipita na gari.

"Wewe ukipata kazi utaenda ofisini kwenye AC," alisema. "Sisi utatuachia kioo kinachotazama barabara. Tutakaa wapi? Miguu yangu hii unaijua."

"Ungeniambia siku ile umeshika utepe."

"Ningekuambia, ungeacha?"

Nisingeacha. Lakini ningechora kijumba kidogo nyuma, kama jiko la nyumba zile za zamani, mahali pa kuvua viatu bila kuonekana na mtu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na penseli. Hakuniuliza. Alinichekesha, akanipimia, akatia sahihi, huku ameshaamua.

Nilimpigia madam. Akaniambia ofisi ile ilishampata mtu jana. Khalas, yamekwisha.

Mwenzangu akanisogezea kiti. Sikukaa. Mpaka leo tunasalimiana na kukabidhiana redio, na kila anapoingia kupumzisha miguu, mimi ndiye ninayesimama nje kumwangalizia gari la msimamizi.