Wa Mkiani Husema Mwisho

Shangazi yangu Ernesta analima tangawizi na maharage katika shamba la mwisho kabisa kijijini kwetu Kirunde, juu ya milima ya Upare upande wa Same. Maji ya kumwagilia tunayapata kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu. Hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji shamba hadi shamba. Yakifika kwa shangazi yamebaki ya kulowesha visigino tu.

Hiyo ndiyo sababu alipewa kazi ya kuifungua na kuifunga ndiva. Kwetu kazi hiyo hapewi mwenye shamba la karibu. Anapewa wa mkiani, kwa kuwa maji yakimfikia yeye yameshamfikia kila mtu. Na kwenye vikao vya mfereji wa mkiani husema mwisho, wala hakuna anayeinuka kabla hajasema.

Mwaka huu likaja tangazo kwamba wilayani wanatafuta mwananchi mmoja wa kujaza nafasi katika bodi inayosimamia huduma za afya. Kila kijiji kingeweza kupendekeza mtu. Mkutano wetu haukuchukua muda.

"Aende Ernesta," alisema mzee Tumainieli, kana kwamba jambo lenyewe halina la kujadiliwa.

Mwalimu Loth alisimama. "Mzee, hii ni bodi, si ndiva. Kule kuna usaili. Wanataka mtu wa kujieleza."

"Kwani Ernesta ni bubu?"

"Si bubu. Ila mpaka aanze kusema, wenzake watakuwa wameshakula cha mchana."

Watu walicheka, shangazi akacheka nao, kisha wakampitisha.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na bado sijapata kazi, kwa hiyo nilipewa jukumu la kumsindikiza. Tulishuka na Fuso la tangawizi kabla jua halijatoka, tumekaa mbele na dereva. Kwa muda mrefu nilikuwa na swali moja.

"Shangazi, hicho kiti unakitaka kweli, au unawatii tu?"

"Nakitaka. Nikikikosa nitaumia."

"Kwa nini?"

"Si unakuja? Utasikia hukohuko."

Same mjini kulikuwa na upepo wa moto na vumbi, na yeye alikuwa na sweta lake la milimani. Hakulivua. Ukumbini waombaji walipangwa kwenye viti vya duara, sisi wasindikizaji tukakaa benchi la nyuma. Msaili mkuu alikuwa Bi Agatha, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya upole, na kando yake kijana wa ofisini aliyekuwa akijaza alama. Walitoa jambo moja la kujadili: zahanati ya kijijini imepata fedha kidogo, zitumike kwa nini kwanza?

Aliyeanza ni Muhidin, mfanyabiashara wa mazao anayekaa karibu na barabara kuu. Anajua kuongea. Alisema dawa kwanza, akaeleza vizuri jinsi zinavyoweza kuagizwa mapema, na akamalizia kwa utani.

"Ila jamani, mkimchukua mtu wa milimani, bodi itahamia mahakamani. Hawa mbuzi akila mchicha, wanauza ng'ombe wapate nauli ya kesi."

"Na tukimchukua wa lami," alijibu mama mmoja, "bodi itahamia dukani kwako."

Ukumbi ulichangamka. Mmoja akataka paa litengenezwe, mwingine akataka kitanda cha kujifungulia, mwingine taa za jua. Shangazi alikuwa akimgeukia kila msemaji na kumsikiliza kwa makini. Hakusema neno. Nilimwona kijana wa alama akimtazama, akiandika kitu, akimtazama tena. Hapo nikaelewa anachokifanya shangazi. Alikuwa mkiani. Alikuwa anangoja wamalize, kama anavyongoja siku zote. Lakini hapa hakuna aliyejua kwamba naye anapaswa kungojwa.

Nilitaka kumwonyesha ishara, nikaona haya.

"Ahsanteni sana," alisema kijana, akifunga faili. "Mtapigiwa simu."

Watu wakasimama, viti vikaburuzwa. Shangazi alibaki amekaa, mikono mapajani.

"Mama, tumemaliza," Bi Agatha alimwambia.

"Mmemaliza nyinyi. Mimi nilikuwa nawasikiliza."

Kijana alitabasamu kidogo. "Mama yangu, nafasi ya kuchangia ilikuwepo tangu mwanzo. Muda umeisha."

Shangazi aliwatazama wote mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umehamishwa upande wa pili. Ndipo Muhidin, aliyekwisha kufika mlangoni, akarudi.

"Bi Agatha, samahani. Mimi nanunua tangawizi kwao. Huko wa mwisho mferejini husema mwisho. Asiposema, kikao hakijaisha. Nimewahi kukaa pale na gari limepakiwa, na hakuna aliyenyanyuka."

"Lakini kikao kimeshafungwa," alisema kijana.

"Nani amekifunga? Wewe umesema ahsanteni. Mwenyekiti hajatamka kwamba anafunga. Sisi tumesimama wenyewe tu."

Hapo nikaamini kwamba Muhidin naye ni Mpare, mpenda kesi kama sisi.

Bi Agatha aliketi. "Ni kweli, sijafunga. Sema, mama."

"Nimesikia dawa, paa, kitanda, taa. Vyote vizuri," shangazi alianza, taratibu. "Mwanangu Rodrick nilimzaa njiani, kwenye kona ya mfereji, mvua inanyesha. Siku ile zahanati ilikuwa na dawa. Kitanda kilikuwepo. Nesi alikuwepo. Nilichokosa ni kufika. Kwa hiyo mimi ningeanza kwa kumuuliza anayekaa mbali kuliko wote anafikaje. Machela, pikipiki, au kibanda cha kungojea karibu na zahanati, hilo sijui, atawaambia yeye. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Agatha alishika kalamu bila kuandika, kisha akatamka kwa sauti kwamba sasa anafunga kikao. Nje, Muhidin alimnunulia shangazi soda.

"Nikikosa kiti leo, nimejikosesha kwa mdomo wangu," alimwambia.

"Na dawa zako ulizisema vizuri," shangazi alimfariji.

Simu ilikuja tukiwa shambani tunapalilia. Ilipigwa kwenye simu yangu, kwa kuwa ndiyo inayoshika mtandao kule juu, nikaweka sauti kubwa na kumpa shangazi. Alikuwa Bi Agatha.

"Mama Rodrick, tumekuteua wewe. Hongera. Ila nakuomba jambo moja, ukija huku usisubiri mpaka mwisho. Wenzako hawajazoea."

"Nimekusikia. Ahsante, dada."

Alinirudishia simu na kushika jembe, lakini hakulima. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kinachomsumbua.

"Hebu mpigie tena," alisema. "Muulize wajumbe wengine wanatoka wapi."

"Ya nini, shangazi?"

"Huenda kuna anayetoka mbali kuliko mimi. Nikisema mwisho kumbe yeye yupo, si nitakuwa nimempora zamu yake ya mkiani?"