Madoa ya Kunde

Maximilla Nakhumicha hakuwahi kukalia kiti cha mwenyeji kabla ya kushika kazi. Akifika kwenye boma atabisha kwa salamu ya kwao, "Mulembe!", ataegemeza mkoba wake wa fomu ukutani, kisha macho yataanza kutafuta ungo. Kukiwa na majani ya kunde, atachambua. Kukiwa na mahindi, atapukuchua. Siku moja alialikwa chakula kwa Wangechi, mwenzake wa kazini, akakuta vyombo vimekwisha oshwa. Alitoka nje akaanua nguo za jirani.

"Mama, wewe ni mgeni bwana," watu walimwambia.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alijibu. "Mimi nimeanzia ya tatu."

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kwa miaka kumi na minne alitoka Kondele, Kisumu, alikopanga chumba, akaenda Kisian na hata Pap Onditi kuwasaili watu kuhusu ndoa na maisha ya nyumbani, kwa niaba ya kituo kimoja cha utafiti. Nani huamua mambo ya shule? Mnakula pamoja mara ngapi kwa wiki? Halafu swali la ishirini na tatu, ambalo wasaili wote walilijua kwa moyo: kuanzia moja hadi tano, una furaha kiasi gani katika ndoa yako?

Wangechi ndiye aliyekuwa msimamizi wake, ingawa Maximilla alimzidi miaka ishirini na ndiye aliyemfundisha njia za mkato na nyumba zenye mbwa wakali. Wangechi alizaliwa Kisumu, binti wa wafanyabiashara waliohamia kutoka Nyeri. Akizikumbuka siku zile hata leo, harufu ndiyo hutangulia: karatasi mpya, vumbi la barabara ya Busia, na dagaa wa omena wa kukaanga waliokula kwenye kipande cha gazeti wakimsubiri Shitanda, dereva wao, ambaye hakuwahi kufika kwa wakati.

Mwaka wa mwisho wa fomu za karatasi, matokeo yalikuwa yakisubiriwa na kamati iliyokuwa ikiandika sera ya familia. Wakoli, mkuu wa takwimu, akamwita Wangechi. Wasaili wengine wote walikuwa wameleta nne na tano. Fomu ishirini na nane za Maximilla kutoka Kisian zilijaa moja na mbili.

"Huyu mama anazijazia kwake nyumbani," Wakoli alisema. "Hakuna kijiji chenye huzuni namna hii. Nenda urudie nyumba sita. Majibu yakitofautiana, yeye anaondoka na fomu zake zinatupwa."

"Na yakilingana?"

"Nitamnunulia kuku. Jogoo mzima."

Wangechi alikwenda akiomba Mungu jogoo apatikane. Kwa Nabwire, mke wa Wasike seremala, alipokewa kama waziri. Alitolewa kiti chenye kitambaa cha kufuma. Soda ikanunuliwa, na Wasike akatoka ili wanawake wazungumze. Nabwire akasukuma kando ungo wa kunde, akanawa mikono, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha.

"Kuanzia moja hadi tano, Mama?"

"Tano, madam."

"Kweli?"

"Kwani tunakosa nini?" Nabwire akacheka. "Kunywa soda, inapata joto."

Nyumba ya pili ilikuwa tano. Ya tatu, nne. Hadi ya sita hakupata hata jibu moja la mbili. Wangechi akaandika alichoambiwa, akatia sahihi, na Maximilla akarudi kwao Bungoma. Sera ilipotoka, ilisema ndoa za upande huo ziko imara. Kilichohitajika ni semina za vijana wanaotaka kuoana.

Miaka miwili baadaye Wangechi alitumwa kusafisha stoo. Ndani ya boksi lililoandikwa "za kuchomwa" alizikuta zile fomu ishirini na nane. Hakuwa amewahi kuzishika. Alichoona wakati ule ni tarakimu kwenye kompyuta. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole gumba, ya kijani iliyofifia. Akanusa. Kunde. Na pembeni, mahali pasipoulizwa kitu, kwa penseli: *Wamezika mtoto. Hawasemezani.* Alihesabu fomu zenye maneno hayo. Zilikuwa kumi na moja.

Alikwenda Kisian bila fomu. Nabwire alipoinuka kuleta kiti, Wangechi aliketi kwenye mkeka na kuuvuta ungo. Hakuwa mwepesi, majani mazuri aliyatupa pamoja na mashina.

"Utatumalizia mboga wewe," Nabwire alisema, akaketi kando yake kumrekebisha. Wakachambua. Ungo ulipofika nusu, bila kuulizwa, Nabwire alisema, "Tangu tumzike mtoto, Wasike hajaniita kwa jina. Unga analeta. Akiwekewa chakula anakula. Lakini neno, hapana. Nilimwambia yule mama yenu."

"Mimi uliniambia tano."

"Sasa mtu amekukalia sebuleni na viatu vinang'aa, mume wako amemnunulia soda. Wewe ungemwambia nini?"

Wangechi alizipeleka fomu kwa Wakoli. Naye alizisoma zote amesimama, akauliza Maximilla anapatikana wapi. Shitanda, aliyekuwa mlangoni na funguo za gari, akasema walimzika mwezi wa tano. Yeye mwenyewe alihudhuria.

"Jogoo wake," Wakoli alisema.

Jioni hiyo vidole vya Wangechi vilikuwa bado na madoa, na hakutaka kuvisugua. Alikumbuka siku Maximilla alipokuja kurudisha mkoba na penseli mbili. Hakuketi. Alikuta vikombe vichafu vya ofisi, akaanza kuviosha, akimpa Wangechi mgongo, kama vile ni siku yoyote.

"Mama, nilijaribu," Wangechi alimwambia. "Niliwauliza vizuri."

"Najua. Walikupa kiti?"

"Walinipa."

"Ukakaa?"

"Nilikaa."

Maximilla alikausha kikombe cha mwisho, akakipindua juu ya trei, akamgeukia bila hasira yoyote.

"Basi walikukaribisha vizuri, mwanangu," alisema.