Mafuta ya Matambiko kwenye Golok Langu

Msinicheke, nimeshajicheka vya kutosha. Mimi ndiye yule mjuaji wa mtaa wa Bredäng, huku Uswidi, anayekusanya golok, mapanga ya kale ya kisiwa cha Java, na kuyachunguza kama daktari.

Jumamosi niliwaita nyumbani wakusanyaji wenzangu watatu, Waswidi, waje waone golok langu bora. Mmoja akagundua utando mwekundu pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini huu mdomo wangu! Nikawaambia ni mafuta ya matambiko, wazee wa Java waliyapaka kizazi hadi kizazi. Wakalinusa kwa zamu, mmoja amefumba macho kabisa. Nikaongeza kwamba sijawahi kuthubutu kuyafuta.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Bujumbura, akaingia na chai.

“Kumbe liko hapa! Nimelitafuta tangu asubuhi. Visu vyenu havipasui mfupa wa mbuzi kama hili lilivyopasua jana. Unisamehe, mwanangu, hayo mawese yamekataa kutoka hata kwa sabuni.”

Nikamshukuru Mungu kwamba wageni hawajui Kiswahili. Ndipo binti yangu, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiswidi, akawageukia na kuwatafsiria neno kwa neno. Hata mbuzi hakumsahau.