Mlango Ulioletwa Ofisini

Mipango miji niliisomea Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo tu ofisi yetu hapa Nchelenge ilinikabidhi mtaa wa Wakongo, ule ulio karibu na ziwa Mweru. "Wewe si unajua Kiswahili?" waliniambia, basi yakaisha. Barabara mpya ya soko la samaki ilikuwa ipite mle. Kazi yetu ilikuwa kupaka namba nyeupe kwenye kila mlango. Nyumba yenye namba ikiguswa na barabara, mwenyewe angepewa kiwanja kingine. Isiyo na namba ingefyekwa kama kichaka. Niliupenda utaratibu huo. Nilidhani haki ndiyo hiyo, kila mtu ahesabiwe.

Kulikuwa na mjane mmoja, mchuuzi wa chisense, wale dagaa wa Mweru. Aliwanunua kwa wavuvi wa Chisenga na kuwaanika mbele ya nyumba yake. Tulipaka namba yake asubuhi. Jioni alikuwa ameisugua kwa mchanga na majivu. Tukapaka tena, akasugua tena. Hapo nilikwenda mwenyewe, nimenuna, nikamweleza kwa upole wa kujilazimisha kwamba nyumba yake ndiyo ya kwanza kwenye njia ya greda.

Aliniacha nimalize.

"Papa, kule kwetu balikuya vile vile," akasema kwa Kiswahili cha Kongo, papa ikiwa baba na balikuya ikiwa walikuja. "Baliandika nimero ku milango. Kisha, na usiku, bengine bakakuya, bakafuata zile nimero."

"Lakini hapa ni Zambia, mama. Namba hii inakulinda."

"Nabo balisemaka vile."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nilijiambia njiani, lakini methali haikunisaidia kitu. Nikimwacha bila namba, greda litamlaza nje yeye na watoto wake. Nikiipaka kwa nguvu, hatapata usingizi humo ndani. Sasa haki ni ipi? Niliwauliza wenzangu ofisini. Mmoja akasema paka, mwingine akasema acha, na wote wawili niliwaona wana akili. Nilimkasirikia yule mama, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mwishowe niliwatuma wapakaji warudi wakapake, na hadi leo sijui kama ule ulikuwa uamuzi au uchovu tu.

Kesho yake alikuja ofisini pamoja na jirani yake, mwanamke wa Kibemba, wamebeba mlango vichwani. Mlango mzima, na bawaba zake, na namba yetu haijakauka vizuri. Jirani alikuwa anacheka huku akitikisa kichwa. Wakauegemeza kwenye meza yangu, vumbi likamwagikia ramani.

"Nimero yako njo hii," mama akasema. "Ukitaka kuhesabu, hesabu huu mulango. Nyumba yangu uiache."

"Na kule nyumbani umeziba na nini?"

"Kitenge."

Kanuni zetu zilitaka mlango uwe na namba. Hazikusema mlango wenyewe uwe wapi. Amekubali au amekataa? Nilimuuliza hivyo hivyo, kama mjinga.

"Miye sijue, papa," akasema. "Lakini bakikuya kutafuta ile nimero, bataikuta kwako."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniaga vizuri, akaenda kugeuza samaki wake.

Niliandika kwamba nyumba yake imehesabiwa. Jioni, kabla sijafunga ofisi, niliutoa ule mlango mezani nikaugeuza, namba ikaelekea ukutani.