Hared Fundi Amejifunza Moshi

Mkahawa ya Hared imejaa mpaka nje! Wallahi, hata viti ya kukopa kwa jirani imeisha.

Ngoja mskie vile ilikuwa. Hared alikuwa fundi wa kuchomelea hapa Garissa, yule wa mikokoteni ya punda. Miaka kumi na nne, cheche tu. Macho ikaanza kumuuma kila jioni, daktari akamwambia achague: moto ama macho. Akauza mashine, akajenga mkahawa ya mabati karibu na soko ya mifugo, juu mtu akishauza ngamia anataka chai ya maziwa ya ngamia.

Siku ya kwanza akaosha mitungi ya maziwa na sabuni mpaka ikang'aa. Mzee Jelle, dalali wa ngamia, akaingia na watu wake tisa. Kwa hiyo soko, Jelle akikataa chai yako, wewe funga tu. Akaonja, akaweka kikombe chini polepole.

"Hared, hii ni chai ama umefulia kanzu?"

"Ni safi, adeer," Hared akamjibu, akimwita ami kwa heshima.

"Najua. Nimeoshwa mpaka koo."

Wakacheka, wakaenda zao. Hared akabaki na sufuria imejaa, na mashine ya kurudia hana.

Shangazi yake Osob akanusa mtungi. "Maziwa ya ngamia inataka moshi, si sabuni. Mamako akifukiza vyombo, wewe ulikuwa wapi?"

"Nachezea misumari, edo."

"Inaonekana."

Akamwonyesha: makaa ya mgunga ndani ya mtungi, funika, tingisha, mwaga, pangusa. Hared akaunguza vidole siku mbili. Siku ya tatu, vile alikuwa anajua chuma imeiva kwa rangi, akajua moshi imetosha kwa harufu.

Lakini Jelle hakurudi. Basi Hared akabeba chupa ya chai mpaka katikati ya ngamia, akammiminia mbele ya soko nzima. Akikataa hapa, imeisha.

Jelle akanusa kwanza. Akanywa. Akanywa tena.

"Nani amekufundisha?"

"Edo Osob."

"Mshukuru. Sasa twende tukakae kwako, hapa ngamia ananipumulia shingoni."

Wakamfuata wote, na wengine nyuma yao.

Wewe mwenye umesoma, mtumie mwingine hii, hasa kama anapitia Garissa siku ya soko.