Jogoo wa Mnada wa Sadaka

Nani amchukue huyu jogoo? Mimi namwogopa.

Leo baada ya ibada, hapa Makambako, nilikuwa nanadi sadaka nje ya kanisa. Ikafika zamu ya jogoo aliyetolewa na bibi mmoja.
Mgombea udiwani akapandisha bei mpaka wengine wote wakamwachia. Akalipa, akamchukua.
Kumbe wapambe wake wameshawasha kamera!
Akamrudishia bibi kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, bibi! Kaleni na wajukuu, siku ya kura mnikumbuke."
Makofi.

Bibi hakunyoosha mkono.
"Huyu nimeshampa Mungu. Nikimpokea kwako, nitakuwa nimeuza kura kanisani."

Mgombea akamtupa jogoo miguuni pangu, akapanda gari.
Nikanadi upya. Hata waliopiga makofi hawakutaja bei.

Sasa yuko jikoni kwangu, anawika.
Jamani, ni wa nani?